Mstari wa Tope Ukutani

Mama yangu aliisiriba nyumba yake siku tatu kabla ya mhandisi kufika, na mimi ndiye niliyemchotea maji. Naanza na hilo nisije nikajipendelea huko mbele.

Kwetu ni Nyantakara, upande wa bondeni, kando ya kijito ambacho kiangazi unakiruka bila kuvua viatu. Masika ile kiliingia ndani ya nyumba za watu. Kwa mama kilipanda hadi juu ya komeo la mlango, kikashinda humo siku nzima, kikaondoka, kikaacha mstari wa tope kuzunguka kuta zote nne, umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Kila nyumba ya bondeni ilikuwa na mstari wake.

Tulipotangaziwa kwamba mhandisi anakuja kupanga tuta na mfereji wa kuzuia mafuriko, nilifurahi kuliko wote. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, kwa hiyo nilikuwa nimeshapachikwa ukatibu wa kamati ya kijito. Kwetu anayejua kuandika hana pa kukwepea. Nikapita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu wajiandae kuonyesha maji yalikofika. Nikawakuta wanawake wote wana udongo mikononi. Hakuna mkutano ulioitishwa, wala sikusikia mtu akimshauri mwenzake. Samadi, majivu na udongo wa kichuguu. Kuta zinapakwa, mistari inafutika.

"Mama, huo mstari ndio anaokuja kuupima," nilimwambia.

"Ndiyo maana naufuta," akasema. "Akiuona atasema hapa si mahali pa watu. Tutaambiwa tupande lori tena. Baba yako nitamwacha na nani?"

Baba amezikwa mlangoni pa zizi, kama wazee wetu wa Kisukuma walivyolazwa, ng'ombe wampitie karibu asubuhi na jioni. Na habari ya kuhamishwa tuliijua. Tulipotoka Shinyanga tulijenga pembeni mwa msitu, tukaondolewa. Tukajenga kwingine, tukaondolewa tena. Mara ile ya pili alikuja kijana mmoja na karatasi ya majina, umri wake sawa na kaka yangu mkubwa, na mama akamwamkia, "Shikamoo, bwana." Kijana akaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye karatasi. Nilikuwa mdogo, lakini aibu ile sijaitua mpaka leo. Kwa hiyo sikubishana na mama. Nikachukua ndoo, nikaenda kijitoni.

Mhandisi alikuwa binti mpole mwenye viatu vya mpira. Alimwahi mama kwa shikamoo kabla hajafika mlangoni. Aliwasifu watu kwa usafi. Alisema hajaona kijiji chenye nyumba nadhifu hivi baada ya mafuriko. Kisha akauliza kila mlango: maji yalifika wapi? Mzee mmoja akaonyesha kifundo cha mguu. Jirani yake akaonyesha goti, akahisi amezidisha, akauteremsha mkono. Mimi nyuma yao naandika yote kwenye daftari, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni.

Kwa mama mkono uliishia katikati ya muundi. Mhandisi akanigeukia. "Mwalimu, ndivyo?"

"Ndivyo," nikasema.

Wiki chache baadaye alitandaza ramani juu ya madawati ya darasa langu. Alieleza kwa uvumilivu: kimo cha tuta kimetokana na alama tulizompa, na kwa usalama ameongeza kidogo. Tuta lingenifika kiunoni. Nikapiga hesabu kimyakimya, komeo la mlango, sakafu ya mama, ukingo wa kijito, nikajua maji yatalipita. Mle darasani kila mtu alijua. Tukapiga makofi.

Ninachoshindwa kukielewa ni kwa nini tulilijenga kwa furaha namna ile. Siku za kazi ya kijiji watu walikuja na majembe kabla hawajaitwa, wanawake wakaleta ugali wa muhogo na maharage, mtu akaanzisha wimbo. Tulishindilia udongo kwa magogo mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Nadhani tulianza kuuamini uongo wetu kwa kuwa sasa ulikuwa kwenye ramani.

Masika iliyofuata maji yalilivuka tuta asubuhi, nikiwa nafundisha, na darasa zima likayaona kupitia dirisha. Yakajaa bondeni, na safari hii hayakuwa na pa kutokea. Zamani kijito kilikuwa kinaingia na kutoka kama mgeni mkorofi. Sasa tuta letu liliyafungia ndani, yakakaa siku baada ya siku. Tuliingia kulibomoa kwa majembe yale yale, maji yakitufika kifuani, nalo likakataa kubomoka, kwa kuwa tulilishindilia vizuri. Nyumba ya mama ililainika, ikakaa chini taratibu mbele ya macho yangu. Zizi likaenda. Kaburi la baba lilibonyea, lakini lilibaki.

Nilimchukua mama tukakae naye kwenye nyumba ya walimu, huko juu. Hakukaa. Ardhi ilipokauka alirudi bondeni, akasimika miti hatua chache kutoka kaburini, akaanza kukandika upya.

Mhandisi naye alirudi. Alikuwa amekonda. Aliketi kwenye dawati la mwanafunzi, akapitia vipimo vyake mstari kwa mstari, akaniuliza, "Mwalimu, nilikosea wapi?"

Nilimtazama akijitafutia kosa lisilo lake, nikashindwa kuvumilia. Nikampeleka bondeni. Nikasimama kila palipokuwa na nyumba, nikainua mkono hadi pale maji yalipofika masika ile ya kwanza. Nikamweleza na habari ya kusiriba. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunga daftari lake.

"Kwa kimo hicho hakuna tuta la kujengwa hapa," alisema. "Huku chini kote ni njia ya maji. Mngeniambia, nisingewajengea ukuta wa kuwazamisha."

Mpango mpya haukuchukua muda. Tuta litapita juu, bonde litaachiwa kijito, na kaya zote za chini zitahama. Orodha ya kaya hizo iliandikwa na katibu wa kamati, nani mwingine. Nikapewa na kazi ya kuipeleka.

Nilianzia kwa mama. Nilimkuta anasiriba ukuta wa mbele, udongo umemfika viwikoni. Aliitazama karatasi mkononi mwangu kabla hajanitazama mimi.

"Ni wewe uliyemwonyesha?"

"Ni mimi, mama."

Aliuweka udongo chini. Akafuta mikono yake kwenye kitenge, taratibu, kidole kwa kidole, kisha akakunja magoti kidogo, kama anavyofanya kwa watu wa ofisini.

"Shikamoo, bwana," akasema.

Akabaki vile vile ameinama, akingoja niitikie.