Kahawa ya Khalaf na Treni ya Mahrous

Hebu mtie machoni Mahrous anavyorudi nyumbani Ibra, huku Omani. Gari linaingia uani polepole kama limebeba mayai. Kwenye kiti cha mbele limekaa sanduku, limefungwa mkanda. Nyuma, kajikunja dada yake mkubwa, Bi Thuraya, mwenye miaka sabini na mguu mbovu. Tangu njia panda ya Bidbid hajasemeshwa ila, "Dada, usiegemee mbele."

Ndani ya sanduku mna kichwa cha treni ya dizeli ya Kimarekani, urefu wa mkono. Kizuri, tusimdhulumu mtu: vingazi vyembamba kama sindano, feni za juu ya paa zinazunguka kwelikweli, na dirishani dereva mdogo kama punje ya mtama. Ukibonyeza kitufe, honi inalia hata vikombe vinatetema.

Mahrous akatandika reli zake katikati ya majlisi, palipokuwa pakikaa sinia ya tende. Tende zikahamia pembeni, na kila mgeni akaambiwa: "Hii ndiyo aliyokuwa akiiendesha marehemu baba, Tabora."

"Baba alikuwa akiuza chumvi mbele ya stesheni," Bi Thuraya akamwambia. "Treni akiipungia mkono tu. Na ile ilikuwa ikila kuni."

"Wewe ulikuwa mtoto, dada."

"Na wewe ulikuwa hujazaliwa."

Mahrous, mzaliwa wa Ibra, ambaye hajapanda treni maishani mwake, akaendelea kuipangusa kwa brashi ya poda ya mkewe.

Ijumaa, baada ya Alasiri, wakaja watu wa mji wa Al Mintirib kumposa binti yake, Radhia. Radhia na Hud, kijana mwalimu, walikwisha ridhiana. Lililobaki ni neno la baba. Bi Thuraya na Radhia wakajibanza nyuma ya mlango.

Khalaf, babake Hud, akapewa kikombe cha kahawa. Hakukionja. Akakiweka chini mbele yake. Huku kwetu hata mtoto anajua: mgeni mwenye haja hanywi mpaka mwenye nyumba amwambie, "Kunywa, haja yako tumeikubali."

Mahrous akakitazama kikombe. "Shekhe Khalaf, kisogeze kidogo. Kimeingia njia ya treni."

Khalaf akakisogeza. Akangoja. Honi ikalia. Mahrous akaanza hadithi ya marehemu baba, akaenda naye mpaka Kigoma, akarudi naye.

"Shangazi," Radhia akanong'ona, "hajamwambia anywe."

Bi Thuraya akagonga mlango. "Mahrous, kahawa ya mgeni inapoa."

"Basi leteni nyingine ya moto," akajibu, bila kugeuza shingo.

Khalaf akainuka, kikombe kimejaa vilevile. "Dereva hodari, Mahrous, hujua wapi pa kusimama." Wakavaa viatu vyao wakaenda zao.

"Umeona kijicho?" Mahrous akamwambia dada yake. "Hata kahawa imewashinda."

Sasa Radhia kajifungia chumbani. Bi Thuraya keshavaa abaya yake, anataka waende Al Mintirib kuomba radhi kabla jua halijatua. Lakini neno lile ni la baba, si la shangazi, hawezi kwenda peke yake. Mahrous kakubali kwenda. Ila kasema watu wale hawakuiona treni vizuri, majlisi ilikuwa na kiza. Sanduku limeshakaa kiti cha mbele, limefungwa mkanda.

Nambie wewe unayesoma: ungekuwa Bi Thuraya, ungepanda nyuma?