Siku Nilipomvika Bwana Wangu Mikro

Jumapili moja ninaikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na mpaka leo nikiona karanga zimemwagika chini uso unaniwaka moto. Sogea hapa kulia kwangu, sikio la kushoto limeshachoka. Umekuja kunionyesha vifaa vyako vipya vya masikio, vidogo kama punje za maharagwe, na hicho kipaza sauti cha kubandika kwenye shati la mwenzako. Vizuri, Mungu ashukuriwe. Lakini nimekuona ulivyokitazama, ukamtazama bwana yako, kisha ukatabasamu peke yako. Tabasamu hilo nalijua. Mimi nililitabasamu hapa hapa mjini Baraka, wewe hujazaliwa.

Masikio yangu yaliondoka na homa, nchi bado inaitwa Zaire, muda mfupi baada ya kujifungua Riziki. Niliamka nikaona mtoto kafungua mdomo analia, na sauti hakuna. Bwana wangu Wilondja, fundi wa mitumbwi kule ufukweni, ndiye akawa masikio yangu. Sokoni alisimama mbele yangu akanirudishia maneno ya wauzaji pole pole, mdomo wake wote mbele ya macho yangu. Kanisani hivyo hivyo. Wakati mwingine alichoka, akanirudishia hubiri la nusu saa kwa maneno matatu: "Amesema tupendane." Nami niliyaamini.

Lakini mtu mmoja hawezi kukurudishia maneno ya dunia nzima. Kulikuwa na mwanamke mmoja, Mapendo, mjane aliyeuza karanga za kukaanga karibu na mitumbwi. Mwanamke wa kucheka! Nikimpelekea bwana wangu ugali na ndakala, dagaa wetu wa ziwa, namkuta Mapendo kasimama pale na beseni lake, meno yote nje, na Wilondja naye anacheka. Nikifika wananyamaza. Nikiuliza wamecheka nini, Wilondja anapunga mkono, kama kusema haina maana. Mwanangu, kicheko usichokisikia unakiona kinakuhusu. Nilimchukia Mapendo kwa moyo wote, nikamchukia na yale meno yake, ambayo kwa kweli yalikuwa mazuri.

Basi Sista mmoja muuguzi aliyekuwa amekwenda kwao likizo akarudi na visanduku viwili vilivyokuwa vimetumika kwenye shule ya watoto viziwi huko Ulaya. Kimoja nilikivaa kifuani, kamba zake zikapanda mpaka masikioni. Cha pili kilikuwa kipaza sauti cha kuning'iniza shingoni mwa yule anayesema, sisi tulikiita mikro. Kati ya viwili hivyo hakukuwa na waya. Vyote viliishi kwa mabuye ya radio, ndizo betri, na mabuye yakiisha nawe unarudi kuwa jiwe.

Siku ya kwanza nililia kwa furaha. Siku ya pili nililia kwa kichwa kuuma. Kile kisanduku changu hakikuchagua, jamani! Kinu cha kutwangia sombe, majani yetu ya mihogo, mbuzi, sufuria, upepo wa ziwa, vyote vilikuja pamoja vikanivamia, na mtu aliyekaa mbele yangu akisema nami ndiye aliyepotea. Hapo ndipo Sista alinifundisha kazi ya ile mikro. Penye kelele, alisema, mpe anayesema aivae karibu na mdomo, sauti yake itaruka kelele zote ije kwako moja kwa moja. Kwenye televisheni, itundike karibu na pale sauti inapotokea. Kelele ziache mgongoni, uso umwelekee unayemsikiliza. Na mazungumzo yakiisha, zima. "Muzime," alirudia, "asiyejua kama mikro iko wazi, musimwibie maneno yake." Niliitika ndiyo, Sista. Sikio la kufa halisikii dawa.

Televisheni ilikuwa moja mtaani kwetu, ya mfanyabiashara wa dhahabu aliyerudi kutoka machimbo ya Misisi na utajiri wake. Jumapili baada ya ibada aliitoa uani, akaweka kaseti za wanamuziki wa Kinshasa, na mtaa mzima ukajaa pale. Moteri ya umeme ilinguruma nyuma ya nyumba, watoto wanapiga kelele, wanaume wanabishana. Wenye masikio yao wenyewe walilalamika hawasikii. Mimi nilisikia gita mpaka kidole kinavyoteleza kwenye waya! Wilondja alikuwa akitundika mikro kwenye msumari karibu na televisheni, kisha anakuja kukaa pembeni yangu. Watu walinionea wivu, na mimi nilifurahi kuonewa, nisikudanganye. Nilikaa nimeinua shingo, macho kwenye picha, wala sikugeuka kumtazama aliyekaa pembeni.

Sasa Jumapili ile Mapendo alikuja na beseni lake. Nilimwona anapita kati ya watu akielekea upande wa moteri, wanakosimama wanaume. Wazo likaniingia, na lilikuwa tamu. Nilimshika Wilondja mkono kabla hajafika kwenye msumari.

"Leo usitundike kwa televisheni," nilimwambia. "Uvae weye. Nataka nikusikie weye."

"Miye?" Aliniangalia kana kwamba nimempa zawadi. "Kweli?"

"Weye."

Alijivika ile mikro taratibu, akaigusa kuhakikisha imekaa, akaniinamia akacheka. Kisha akaenda kwa wenzake, na mimi nikabaki kwenye benchi na mtego wangu.

Mwanzoni nilisikia shati lake likisugua, na pumzi yake. Moteri ilikuwa mbali kama inzi. Halafu ikaja sauti ya mwanamke, wazi kabisa, ndani ya kichwa changu.

"Wilondja, bibi yako sasa iko anasikia. Mbona weye uko na sura ya muntu alifiwa?" Na akacheka.

Sikungoja. Nilinyanyuka nikakata katikati ya ua, mbele ya televisheni, watu wote wakaanza kunipigia kelele nikae. Sikuwajali. Lakini masikio yangu yalikuwa yameshafika pale kabla ya miguu, na yakaendelea kusikia.

"Usiniseke, Mapendo," bwana wangu alisema. "Mi niko na wivu."

"Wivu ya nani?"

"Ya kile kisanduku. Mbele alikuwa ananiangalia mudomo siku yote. Akitaka kujua kitu, ananishika mukono. Sasa macho yake iko kwa televisheni tu. Lakini leo aliniambia: uvae weye, nataka nikusikie weye. Nilifurahi kama mutoto."

Mkono wangu ulikuwa umeshainuka, mwanangu. Ningesema niliweza kuuzuia ningekuwa mwongo. Ulipiga beseni la Mapendo, karanga zikaruka, kuku na watoto wakazikimbilia. Uani kote watu wakageuka kutuangalia. Mapendo alishika kiuno, kwa mara ya kwanza hana kicheko. Wilondja alinitazama, akatazama taa ndogo nyekundu ya mikro iliyowaka kifuani kwake, akanitazama tena. Niliona anaelewa. Aliivua, akaiweka mkononi mwangu, akaondoka bila kusema neno, wakati mimi sasa nilikuwa na masikio ya kumsikia.

Kuanzia siku ile alikataa kuigusa. Nyumbani alinisemesha ya lazima: chumvi, mtoto, mvua. Sokoni hakusimama tena mbele yangu, na kanisani alikaa na wanaume. Kisanduku changu kilikuwa kizima, mabuye mapya, nami nikawa kiziwi kuliko homa ilivyoniacha. Na bado nilikuwa na wivu! Nilijiambia, mbona siri ya moyo wake alimpa Mapendo, hakunipa mimi? Niliikalia hasira hiyo kama kuku juu ya mayai.

Mama yake Wilondja, tuliyemwita Koko kwa ajili ya wajukuu, aliishi nyuma ya nyumba yetu. Asubuhi moja tulikuwa wanawake wengi tunatwanga sombe ya msiba wa jirani, vinu vinalia pamoja. Koko akaja akanyoosha mkono: "Leta kile kidude." Nikampa ile mikro. Akakivaa, akaondoka zake polepole mpaka kwenye shamba la mihogo, akanipa mgongo. Nikaanza kumsikia.

"Endelea kutwanga," alisema. "Sitaki bale bamama bajue nakukaripia. Sikiliza. Hii inchi yetu imejaa bantu ba kusikiliza benzao kwa siri. Ukisema neno kwa bière, kwa pombe, kesho banakuita ku bureau ya serikali. Tunaogopa ukuta, tunaogopa jirani. Nyumba tu njo ilibakia, pahali muntu anaweza kusema bila kuangalia nyuma. Na weye ukaleta bile bintu mupaka mu kifua ya bwana yako."

Nilitwanga. Macho yalinijaa machozi.

"Unamuchukia Mapendo juu anacheka na mutoto yangu. Weye ulishacheka naye lini? Tangu ulipata masikio, unamupa mugongo. Sikio halizidi kichwa, Mama Riziki. Kama kichwa iko na wivu, hata sikio ya Bazungu itasikia wivu tu. Umuachie afungue mwenyewe, afunge mwenyewe. Na Mapendo umurudishie karanga yake. Nimemaliza. Futa kamasi, iko inaingia mu sombe."

Wanawake waliniuliza ninalia nini. Nikasema pilipili.

Kwa Mapendo nilikwenda na karanga mbichi zinazotosha beseni lake. Alizipokea, akacheka, akasema siku nyingine nimpige kabla hajazikaanga, kuni ni ghali. Nilicheka nusu. Kisha nikashuka ufukweni. Wilondja alikuwa anapigilia misumari kwenye mbao za mtumbwi, kelele tupu kwenye kisanduku changu. Nilingoja aweke nyundo chini, nikamwekea mikro juu ya ubao.

"Imezimwa," nilimwambia. "Iko yako. Utaiwasha weye, siku utapenda. Ukikosa kupenda, mi nitakuangalia mudomo kama mbele."

Aliichukua, akaitia kwenye mfuko wa zana zake pamoja na patasi. Kisha akaokota nyundo yake. Nilirudi nyumbani nikiwa sijui kama nimesamehewa au la, na siku zikapita nikitazama mdomo wake kila aliposema, hata alipoomba chumvi.

Kisha ikaja sikukuu ya chama kilichotawala nchi. Tulikusanywa wote uwanjani, ngoma, filimbi, nyimbo za kusifu, wasimamizi wanapita kuona nani hapigi makofi. Niliiacha mikono yangu ipige makofi na wengine, kichwa kimejaa ngurumo, sielewi hata neno moja. Ghafla ndani ya ngurumo ile kitu kikafunguka. Nikasikia pumzi. Naijua pumzi ile.

"Mama Riziki," ilisema, chini kabisa. "Kilemba yako imeanguka upande. Lakini iko inakupendeza. Tukimaliza kupiga makofi, twende nyumbani."

Niliangalia ng'ambo ya uwanja. Wilondja alikuwa amesimama kati ya wanaume, anapiga makofi, macho yanatazama mbele kama mwananchi mwema, kola ya shati imefungwa mpaka juu, mikro imefichwa ndani. Nilicheka peke yangu mbele ya msimamizi, naye akaridhika akidhani ni furaha ya chama. Mapendo alikuwa pembeni yangu. Aliniuliza, "Unaseka nini?" Nikampungia mkono, kama kusema haina maana.

Basi mwanangu, ninachokuambia ni hiki. Penye kelele, usione haya kumpa mtu kipaza sauti chako, hata mchungaji, hata mwenye duka; ni haki yako kusikia. Kwenye televisheni kiweke karibu na sauti, lakini yule aliyekaa pembeni yako mtazame pia, naye ana neno. Ila usikitume mahali ambapo wewe hukualikwa. Bwana yako akikivaa, mwambie kimewaka. Akienda zake, kizime. Wivu utakuja, hata mimi haujaniisha: Mapendo amezeeka kama mimi, na akicheka bado naangalia anacheka na nani. Uache ukae moyoni, usiupe masikio.

Wilondja amelala kule juu, karibu na kanisa. Ile mikro ninayo bado, mabuye yake yalikwisha zamani. Nenda sasa, mwenzako anakungoja mlangoni. Mungu akulinde masikio na moyo, mwanangu, na katika kelele zote za dunia hii akupe mtu mmoja atakayekusemesha taratibu kwa kupenda kwake mwenyewe.