Mitawanda ya Bi Rukia na Jini wa Wakili

Siku yangu ya kwanza kama tarishi wa mahakama ya Amu niliambiwa kwamba Wakili Mahmudi amefuga jini ndani ya kilemba, na jini huyo humnong'oneza aibu ya kila shahidi. Niliamini yote. Nilikuwa nimetoka kuhitimu darasa la usiku, kichwa kimejaa elimu, na kilemba chenyewe kingetosha majini watatu na vyombo vyao.

Tarishi, vijana mjue, ndiye aliyeita mashahidi, akawanyamazisha watu, akafukuza mbuzi barazani.

Kesi iliyonipa jina ni ya Bi Rukia. Kidani cha dhahabu kilipotea nyumba ya arusi, na Bwana Kombo, muuza halua wa mtaa ule, akasema alimwona Bi Rukia akitoka humo alfajiri. Lakini siku hizo bibi wa heshima alitembea ndani ya shiraa, hema la kitambaa lililoshikwa kwa vijiti na watumishi. Huoni hata ukucha. Hakimu Mzungu akauliza, kwa kinywa cha mkalimani, alimjuaje. Kombo akajibu kwamba alimjua kwa mitawanda, viatu vyake vya mti, ambavyo mlio wake haufanani na wowote Amu nzima. Hakimu akatikisa kichwa kukubali. Nyuma ya pazia tukamsikia Bi Rukia akilia, maana jela ya ngomeni ilikuwa hatua chache tu.

Wakili Mahmudi, mtetezi wa Bi Rukia, akaomba shiraa ipitishwe mbele ya shahidi. Kisha akanivuta chumba cha pili, akaniambia nivue makubadhi.

Mitawanda ile! Vidole vyangu havijanisamehe mpaka leo. Nikapita ko, ko, ko, kwa madaha yote niliyojaliwa.

"Ni nani huyo, Bwana Kombo?" akauliza Wakili.

"Bi Rukia. Hata usingizini namjua."

"Waapa?"

"Naapa. Na leo atembea kwa haya, dhambi imemlemea."

Shiraa ikaondolewa, nikatokea mimi na ndevu zangu. Kicheko kilisikika hadi Siyu, kisiwa cha pili. Hakimu alijifunika uso kwa kofia, mabega yakimtikisika, na Bi Rukia akalala kwake usiku ule.

Nikatumikia mahakimu wengi baadaye, wakali na wapole, na kila mmoja nilimwonya juu ya yule jini. Nilipostaafu nikaenda kumuaga Wakili, naye keshakuwa mzee, nikamwomba anioneshe japo mkia wa jini huyo.

Akanitazama kwa huruma. "Hakuna jini, Bwana Athmani. Asubuhi ya kesi nilipita mimi kwanza mbele ya duka la Kombo, ndani ya shiraa, na mitawanda ile ile. Akaniamkia, akaniuliza hali ya watoto."