Ng'ombe wa Harrow

Jumamosi nilikuwa harusini Harrow, huku ughaibuni, Mkongo anaoa Mrusi. Baba mkubwa wa bwana harusi kakaa kwenye kochi, mikono kifuani, kanuna. "Bila ng'ombe kuchinjwa, miye sibariki mtu!"

Mama wa bibi harusi akaingia na mkate mkubwa kuliko tairi la basi, haki ya Mungu. Akasema unaitwa karavai, na kwao wengi wanaamini jina hilo limetoka kwa ng'ombe. Nikatafsiri mimi, bingwa wa lugha zote toka Stanmore mpaka mwezini.

Mzee akaruka. "Kumbe ng'ombe kafika! Leteni kisu! Paja ni langu, miye ndiye mkubwa."

Akakata, akatafuna, akawashika maharusi vichwa, akawabariki. Mimi wakanipa ulimi, na mpaka leo sijanyamaza.