Talaka Yangu Ilitamkwa Mbele Yangu, Sikuisikia

Admin, nisitiri jina. Mimi ni bibi wa miaka sabini na minane, naishi huku Mwabungo, na sisikii. Ninaandika mwenyewe kwenye simu, msiseme nimetungiwa na wajukuu. Sina mjukuu hata mmoja, na sababu yake ndiyo ninayowaletea.

Niliolewa na binamu yangu, Msambweni, mara tu baada ya Uhuru. Haukupita muda nikaugua. Kichwa kiliniuma nikatamani kukipasua, mwanga wa mlangoni ulinichoma macho, natapika, shingo imekakamaa hata kuinama nisujudu siwezi. Wakwe wakasema ni shetani, wakanifukiza ubani mpaka nikaanza kuweweseka. Dadangu ndiye aliyepiga kelele nikapelekwa hospitali. Nikadungwa sindano ya mgongoni, ikaonekana ni homa ya uti wa mgongo. Wenzangu wawili wodini walikufa nayo. Mimi niliamka, lakini niliamka dunia imenyamaza. Niliona midomo ya watu inacheza, nikadhani wananong'ona ili wasinisumbue.

Mume wangu akaja na machungwa. Akasimama miguuni pa kitanda, dadangu kando yake, akanena maneno machache. Nikamtabasamia, nikamwambia, "Ahsante bwana kwa kuja kuniona." Dada akajifunika uso kwa leso. Nilidhani ananililia ugonjwa.

Nilipotoka nikarudishwa kwetu Mwabungo. Dada akanionyesha kwa ishara: pumzika kwanza. Mume akaoa mwengine, nikameza, nikajihesabu mke mkubwa aliyesahauliwa kwa sababu ya masikio. Kila nikiuliza, "Mume wangu atanichukua lini?" dada alinipungia mkono nisubiri. Nikasubiri huku nikilea watoto wa dada na kumuuguza mama yetu mpaka tukamzika.

Kulikuwa na fundi cherehani mmoja aliyefiwa na mkewe. Alijifunza kuzungumza nami kwa vidole, akinichekesha mpaka nashika mbavu. Aliponiposa nikamfokea, "Mimi mke wa mtu, huoni haya?" Dada alikuwa amekaa palepale anachambua mchicha, na hakuinua uso. Fundi akaenda akaoa Ukunda, na sasa ni marehemu. Nilimpenda, leo nasema wazi.

Mwaka jana yule binamu aliyenioa alifariki. Nikajifunga nguo za eda, nikaenda kukaa na mke mwenzangu. Akanitazama kwa mshangao, akaniandikia kwenye simu: "Shikamoo dada. Wewe huna eda hapa. Marehemu alikuacha kule hospitali, mbele ya dada yako. Sote tulidhani unajua."

Nikamrudia dada. Hakukana. Alinena polepole nimsome midomo: "Daktari alisema usishtuliwe. Kisha siku zikapita. Na ungeolewa, mama angebaki na nani?"

Na nani! Kumbe nilikuwa yaya wa nyumba yake, naachwa niamini kuwa mimi ni mke wa mtu. Yule mwanamume alinitupa nikiwa kitandani, lakini uchungu wake umepoa. Anayeniuma ni dadangu, aliyeniokoa na mauti kisha akayafungia maisha yenyewe.

Sasa wanawe wanampeleka Umra wiki ijayo. Ameshapita kwa majirani wote kuomba radhi, na kwangu huja kila asubuhi, hunishika mikono akalia. Watoto wake, niliowaosha mimi, wananiambia, "Mama mdogo, tamka tu, asafiri na moyo mweupe." Kutamka naweza, mdomo wangu mzima. Lakini nikitamka na moyo umekataa, nitakuwa nimemdanganya mtu anayekwenda kwenye nyumba ya Mungu. Nikinyamaza, ni ndugu yangu wa tumbo moja, mzee, huenda asirudi. Jana nilimuuliza, "Na radhi ya fundi, utaiomba kwa nani?" Akajifunika uso kwa leso, kama siku ile hospitali.

Nishaurini nyinyi mnaosikia: nimpe radhi, au aende bila ya yangu?