Mtani Niliyevua Kofia Isiyo ya Mtani

Tangu juzi nimejifungia ndani kwa aibu. Tulikwenda kuzika Chumbi, kwa watani zetu, na kazi ya mtani ni kuwachekesha wafiwa. Nikamwona mzee analia kwa kwikwi. Nikamvua kofia, nikaivaa mimi, nikaanza kumwigiza anavyolia. Watu wakacheka. Binadamu akichekewa mara moja, akili humruka, nikaongeza kamasi.

"Shabani!" shangazi akanifokea. "Huyo si mtani, mgeni wa watu katoka Mbwara!"

Mzee aliposikia jina langu akainua uso. Akachukua kofia yake, akaikung'uta taratibu, akasema kwa sauti ambayo nilikuwa naijua kwenye simu tu:

"Ijumaa unaleta posa kwangu, siyo? Njoo na kilio hichohicho."