Gogo la Mninga Tuliloliacha Nyuma

Mume wangu alikuwa mpasua mbao. Miaka yote alipasulia watu wengine, sisi tukalala kwenye kitanda cha miti na kamba, na mlango wetu ulikuwa wa mabua. Mwaka wa operesheni ya vijiji, kabla hatujajua kwamba na sisi tutahamishwa, aliangusha mninga mkubwa uliokuwa umeanza kukauka kileleni, nyuma ya nyumba yetu upande wa Sikonge. Huu, akasema, ni wetu.

Siku ya kulipima gogo aliniita nimshikie kamba. Nilikuwa na mtoto wa kiume mgongoni, bado ananyonya. Binti yetu, aliyekaribia umri wa kuanza shule, alikuwa anatembea juu ya gogo, mikono ameitanua.

"Shuka tupime," baba yake akamwambia.

"Pimeni tu, baba. Mimi siwazuii."

Akacheka, akamwacha huko juu.

Tulianzia upande mwembamba. Nikamuuliza kwa nini asipime ule mnene, uliokuwa karibu yake.

"Upande mnene unadanganya," akasema. "Ukipima huko utahesabu mbao ambazo hazimo."

Akabandua magome kidogo, akazungusha kamba, akaikunja mara mbili hadi ikawa robo ya mzunguko. Akanionyesha: upana wa mbao hautazidi hapo. Kisha akapunguza tena, kwa sababu ule weupe wa nje huliwa na wadudu na hautengenezewi kitu cha kudumu. Akaondoa na njia ya msumeno, maana kila ukipita unakula unene wa punje ya hindi, na mbao zikiwa nyingi punje hizo zinakuwa ubao mzima. Mwisho akalipiga gogo kwa kisogo cha shoka kuanzia shina hadi ncha, ameinamisha sikio, kusikiliza kama lina uwazi ndani. Sauti ilikuwa nzito mahali pote isipokuwa karibu na shina. Hapo akachora alama kwa mkaa na kusema kipande hicho hatakihesabu.

"Tutapata nini?" nikamuuliza.

"Mlango. Kitanda chetu. Kitanda cha huyu." Akamgusa binti mguu. "Kikibaki, benchi."

"Changu kiwe kirefu," binti akasema. "Mimi nitakuwa mrefu."

Baba yake akachukua ile kamba, akampima kutoka utosini hadi kisiginoni, akaongeza mkono mzima.

Shimo alilokuwa anachimba la kupasulia mbao lilikuwa halijafika kiunoni lori lilipokuja. Kijana aliyefuatana nalo alitusalimu kwa heshima, shikamoo kwa wakubwa wote, kisha akasema tutoe vyombo. Mume wangu akamwonyesha gogo na kuomba abaki apasue. Kijana akalitazama kwa huruma ya kweli, nadhani, akasema, "Mzee, lori halisubiri. Utalifuata baadaye." Tukapanda na sufuria, kuku, jembe na msumeno. Binti aliketi juu ya gunia la mtama, akaangalia nyuma mpaka miti ikaificha nyumba.

Kijiji kipya kilikuwa mistari ya viwanja kwenye pori lililofyekwa. Tulijenga kibanda cha nyasi, mvua ikatukuta ukuta haujakandikwa. Watu tulikuwa tumekaribiana mno, sisi tuliozoea nyumba kuwa mbali na nyumba. Surua ikaingia. Ilianza kwa watoto wa jirani, ikaja kwetu. Mdogo akaugua na kupona. Dada yake macho yalifumba, kifua kikabana. Mume wangu alimfunga kwa kanga zangu mgongoni mwake akaendesha baiskeli kwenye tope kuelekea hospitali ya Kitete. Mimi nilibaki na yule mdogo. Siku ya pili yake nilimwona anarudi, anasukuma baiskeli, hakuipanda, mtoto bado yuko mgongoni. Nikajua kabla hajafika. Alifia njiani, wakati wa kwenda.

Tulimzika pale pale kijijini. Watu walipotawanyika, alichukua kamba, akaniambia twende. Tulitembea kutwa hadi nyumbani kwetu kwa zamani. Paa lilikuwa limeondolewa, mpapai ulikuwa umezaa. Gogo lilikuwapo.

Akaanza kulipima upya. Nilimshikia kamba kama mwanzo. Akakunja, akapunguza weupe, akapunguza njia ya msumeno. Kisha akasimama, kamba mkononi.

"Mlango," akasema. "Kitanda chetu." Akanigeukia. "Mama watoto, niambie. Sasa nipasue mbao ngapi?"

"Pasua kama ulivyopanga."

"Nilipanga vitanda viwili."

Akakaa chini, mgongo kwenye gogo, akalia kwa sauti. Nilikuwa sijawahi kumsikia akilia. Mtoto mgongoni mwangu naye akaanza, nami nikakaa karibu na baba yake.

Kiangazi kilipofika alirudi na mwenzake wa msumeno, mmoja juu, mmoja shimoni. Nilitamani gogo liwe limeoza ndani. Halikuoza. Hata kile kipande alichokikataa kilikuwa kizima, kosa lake likatuongezea mbao. Mbao zilitosha kila kitu tulichokuwa tumekitaja, na nyingine zikabaki. Alizisomba kwa baiskeli, akatengeneza mlango na kitanda chetu. Zilizobaki alizipeleka shule ya kijiji wakatengenezee madawati. Sikumuuliza kwa nini. Baada ya hapo aliuza msumeno, akalima tumbaku kama watu wengine, na mtu akimwomba akampimie mti alisema amesahau.

Miaka ilipopita na amri ya kukaa vijijini kulegea, majirani walianza kurudi kwao, familia moja moja. Vibanda vikaanguka, nyasi zikaota katika viwanja. Ndugu zake walikuja kutuchukua. Mume wangu akawasikiliza hadi mwisho, akawashukuru.

"Nina mtoto hapa," akasema. "Nikiondoka atabaki na nani?"

Wakamtazama yeye, kisha wakanigeukia mimi, wakitaka nimshawishi. Nikainuka kwenda kuwatilia uji.